DUMU MOJA LA MAJI YA KUNYWA

(Hotuba ya Kamati ya Wakazi, iliyosomwa katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani)



Kila mwaka ifikapo tarehe 20 Juni tumezoea kusoma risala ndefu yenye maombi mengi. Safari hii tumekubaliana tuzungumzie jambo moja tu, nalo ni maji ya kunywa, na mahali pa kuyajazia kwa bei ambayo mtu wa kambini anaiweza.

Ndugu zetu, tusisahau tulikotoka. Baadhi yetu tulikuwa Kivu mwezi Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipomiminika Goma. Ziwa lilikuwa pale pale mbele ya macho, limejaa maji. Lakini kipindupindu na kuhara damu vilipoingia, takriban watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza peke yake. Na hapa hapa Malawi, katika mlipuko wa kipindupindu ulioanza mwaka 2022 na kuendelea mwaka 2023, walikufa watu zaidi ya 1,700. Kwa hiyo tukisema maji, hatusemi habari za zamani.

Sasa tufanye hesabu kidogo pamoja. Viwango vinavyotumiwa na mashirika ya misaada vinasema mtu mmoja apate angalau lita 15 za maji kwa siku, na kambini lengo ni lita 20. Maji hayo ni ya kila kazi: kupika, kuoga, kufua, kuosha vyombo. Lakini ya kunywa na ya chakula, mtu anahitaji kiasi cha lita 3 tu. Familia ya watu sita, mara tatu, ni lita 18. Yaani dumu moja, au bidoni moja kama wengi wetu tunavyoita, linatosha nyumba nzima kwa siku na linabaki kidogo.

Hapo ndipo shauri letu lilipoanzia. Kuyatibu maji yote ya kambi ni kazi kubwa. Kulitibu dumu moja kwa kila nyumba ni kazi tunayoweza kuianza sisi wenyewe.

Mtu atasema: maji ya kisima cha pampu ni masafi, ya nini kuyatibu? Ni kweli, mara nyingi yanatoka chini yakiwa masafi. Shida inaanza baadaye. Mwaka 1993, katika kambi moja ya ndugu zetu Wasumbiji kusini mwa nchi hii, wataalamu walifuatilia maji kutoka pampu hadi nyumbani. Waliona kwamba yanachafuka ndani ya ndoo, kwa mikono yetu wenyewe tunapochota na kikombe. Basi baadhi ya familia zikapewa ndoo yenye kifuniko, mdomo mwembamba usiopitisha mkono, na bomba dogo la kumiminia. Katika nyumba hizo, kuhara kwa watoto wa chini ya miaka mitano kulipungua kwa karibu theluthi moja. Hakukuchimbwa kisima kipya. Ilibadilishwa ndoo tu.

Kwa hiyo tunapendekeza visima viwili vitengewe kazi ya kuwa vituo vya kujazia maji ya kunywa. Kila kituo kiwe na mlinzi wake. Mtu akija, dumu lake linaoshwa kwanza, ndani na nje. Mlinzi anatia klorini kwa kipimo alichofundishwa, halafu dumu linajazwa na kufungwa kifuniko. Nyumbani mnasubiri nusu saa, kisha mnakunywa. Klorini hiyo inaendelea kuyalinda maji ndani ya dumu, lakini haidumu milele, na dumu chafu huimaliza upesi. Ndiyo maana tunasema ni dumu la leo, si la wiki. Maji ya kufua na kuoga yataendelea kuchotwa visima vingine bila malipo, kama kawaida.

Tunajua neno lililo midomoni mwenu: malipo. Kuna waliotuambia wazi, "Sisi ni wakimbizi, maji ni haki yetu, mtatuuzia haki?" Hatuwezi kuwabeza. Umoja wa Mataifa ulitamka mwaka 2010 kwamba maji safi ya kunywa ni haki ya binadamu, na Kamati hii haitaiacha kauli hiyo. Lakini mpira wa pampu ukichakaa lazima ununuliwe mwingine. Mlinzi anayeamka alfajiri naye ana watoto. Tusipochanga kidogo kwa utaratibu, tutalipa kingi bila utaratibu: kwa mchuuzi wa ndoo siku pampu ikiharibika, au kwa nauli ya kumpeleka mtoto hospitali.

Wenyeji wetu wanatufundisha jambo hapa. Katika mitaa ya Lilongwe watu wengi hujaza maji kwenye vioski na kulipa kwa ndoo. Kulikuwa na wakati vioski vingi vilikatiwa maji kwa sababu ya madeni, ingawa wateja walikuwa wanalipa kila siku. Fedha zilikuwa zinapotea njiani. Baadaye wakazi waliunda vyama vya watumia maji vinavyosimamia vioski, kukusanya fedha na kulipa ankara. Funzo tunalolipata ni kwamba mwananchi hakukataa kulipa. Alichohitaji ni kujua fedha yake imekwenda wapi.

Na hapa, ndugu zetu, Kamati ina la kukiri mbele ya wageni. Mnakumbuka pampu ilipokufa tukapita nyumba kwa nyumba kuomba michango. Mlitoa. Wengine walitoa fedha ya mboga. Vipuri vikanunuliwa, fundi akalipwa, maji yakatoka. Lakini hesabu hatukuwasomea. Mama mmoja alitusimamisha njiani akauliza, "Wanangu, ile hela ilibaki ngapi?" Hatukuwa na jibu, kwa sababu daftari lilikuwa limeandikwa nusu. Hakuna aliyekula fedha ile, lakini hatuwezi kuwaonyesha, na asiyeweza kuonyesha hana haki ya kudai aaminiwe. Kosa hilo ni letu, si la mwingine. Tunaomba radhi.

Ndiyo sababu hatuji leo kutangaza bei. Tunakuja na masharti yatakayotubana sisi kwanza:

Moja, bei ya dumu ipangwe na mkutano wa wakazi, isizidi gharama ya mlinzi na vipuri.

Pili, mweka hazina asiwe mjumbe wa Kamati. Achaguliwe na akina mama wanaochota maji, maana wao ndio wanaosimama foleni.

Tatu, hesabu zisomwe hadharani kila mwisho wa mwezi, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine zinazosemwa hapa, na zibandikwe kituoni.

Nne, wazee wasio na watu, wagonjwa, na nyumba zinazoongozwa na watoto wajaze bure. Majina yao yasibandikwe popote.

Kwa watumishi wa mashirika, ombi letu ni dogo. Tupeni klorini, vifaa vya kuipima, na mafunzo kwa walinzi. Na mkija kupima maji, msiishie kisimani. Ingieni nyumbani jioni, mpime yaliyomo ndani ya dumu, kwa sababu hayo ndiyo mtoto anayokunywa.

Kwa wakazi wenzetu, tunaomba mje kwenye mkutano. Mkikataa, tutaheshimu. Mkikubali, mtulinde kwa macho yenu, na mama yule aliyetuuliza njiani aendelee kuuliza. Safari hii atakuta daftari limejazwa.

Mungu awabariki, na atupe siku ya kurudi makwetu tukiwa na afya.