Ajali Kazini: Kabla ya Kuuliza Nani Alaumiwe
(Hotuba kwa wajumbe wa kamati za sharika na wafadhili)



Wengi wenu mnasimamia ujenzi, mashamba na mashine za kusaga. Kwa hiyo ninyi ni waajiri, hata kama hamjazoea kuitwa hivyo. Leo tunapenda kuwaeleza kesi moja ya Australia, kwa kuwa inagusa swali ambalo kila kamati hukutana nalo mtu anapoumia kazini.

Mwezi Machi 2001, katika jimbo la New South Wales, meneja wa shamba moja alikuwa akiendesha pikipiki ya magurudumu manne iliyobeba vyuma. Aliiacha njia akashuka kwenye mteremko mkali. Pikipiki ikapinduka, naye akafariki. Alikuwa mzoefu wa kilimo. Mkurugenzi wa kampuni yenye shamba, Bwana Kirk, hakuwa na uzoefu huo, na kazi za shamba alimwachia yeye.

Kirk na kampuni walishtakiwa. Sheria ya jimbo ilikuwa kali: mwajiri ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kwamba isingewezekana, kwa hali ya kawaida, kuizuia hatari. Mahakama maalumu ya masuala ya kazi iliwatia hatiani. Walipotaka mahakama nyingine iangalie upya hukumu hiyo, walikuta kifungu kinachosema kuwa uamuzi wa mahakama ile ni wa mwisho na hauhojiwi popote.

Hapo ukazuka ubishi wa mamlaka: je, mahakama ikikosea sana, hakuna wa kuisahihisha?

Tarehe 3 Februari 2010, Mahakama Kuu ya Australia, ambayo ndiyo ya juu kabisa nchini humo, ilifuta hukumu hizo. Kwanza, mashtaka hayakusema ni hatua gani hasa ambayo mwajiri alipaswa kuichukua na hakuichukua. Pili, Kirk aliitwa kuwa shahidi wa upande wa mashtaka katika kesi yake mwenyewe, jambo lililokatazwa na sheria ya ushahidi. Kwa hayo, mahakama ya kazi ilivuka mipaka yake. Na bunge la jimbo haliwezi kuinyima Mahakama ya Juu ya jimbo uwezo wa kusahihisha makosa ya namna hiyo.

Ni vema kwamba haki ya mshtakiwa ililindwa. Lakini tusimsahau marehemu. Ilipita karibu miaka 9, na kesi ikaisha bila kueleza ni kitu gani kingemwokoa. Shtaka la jumla halikumwonea mshtakiwa peke yake. Lilimpunja na aliyekufa. Kuanzia tarehe 1 Januari 2012, jimbo lilianza kutumia sheria mpya, ambapo upande wa mashtaka ndio unaopaswa kuthibitisha hatua ambazo zingewezekana kuchukuliwa.

Sisi hapa Tanzania tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Mahakama Kuu yetu nayo ina uwezo wa kufuta maamuzi ya vyombo vya chini vinapovuka mamlaka yake. Lakini kamati isingoje mahakama. Tunaomba mambo matatu:

1. Kabla ya kazi kuanza, andikeni hatari iliyopo, hatua ya kuchukua, na jina la mhusika. Kusema "fundi awe mwangalifu" hakutoshi. Semeni nani atakagua jukwaa la mirunda kila asubuhi kabla fundi hajapanda.

2. Ajali ikitokea, andikeni kilichoonekana siku hiyo hiyo, kisha mtoe taarifa kwa mamlaka husika.

3. Kikao cha kamati kisigeuke mahakama. Kazi yetu ni kutunza ukweli, ili wenye mamlaka wautumie.

Tukifanya hivyo, mjane atapata jibu, na asiye na kosa hatabebeshwa mzigo usio wake.