Kifua cha Mtoto Hakingoji Mkutano

(Hotuba ya mwanachama, muuguzi mstaafu, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu)



Kwanza kabisa namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku hii. Tulianza chini ya mwembe, kila mmoja na vijisenti vyake kwenye fundo la leso. Leo tuna sanduku, tuna daftari, na wako watoto waliosomeshwa kwa pesa hizi. Haba na haba kweli imejaza kibaba. Nimeombwa niseme machache juu ya afya, nami nimechagua kifua cha mtoto, maana sidhani iko nyumba hapa ambayo haijapata kukesha na mtoto anayekohoa.

Nianze na swali. Vijidudu vya nimonia vinakaa wapi? Wengi mtasema kwenye baridi, au kwenye vumbi. La, akina mama. Vingi vinakaa puani, kwa hawa hawa watoto wanaocheza pale nje wakiwa wazima kabisa. Hapa kwetu Kilifi watafiti wamewapima watoto puani kwa miaka mingi kwa kijiti chenye pamba. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano, karibu watatu kati ya kila wanne walikutwa na bakteria aitwaye nimokokasi, ambaye ni msababishi mkubwa wa nimonia kali. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa msishtuke. Pua ya mtoto ni kama mtaa. Wamo bakteria wa kila namna, na wengine ni majirani wema: wanajaza nafasi, basi wakorofi wanakosa pa kutanda. Watoto wanaonyonya maziwa ya mama huelekea kuwa na hao wema kwa wingi zaidi. Nimokokasi naye anaweza kukaa hapo wiki nyingi bila kumdhuru mtoto.

Shida huanza mlango unapolegea. Njia ya pumzi ina vinyweleo vidogo mno vinavyofagia makamasi na uchafu kuutoa nje. Virusi vya mafua vinapoingia huuharibu ule utando, na moshi wa kuni nao huvidhoofisha vile vinyweleo. Hapo bakteria aliyekuwa mpangaji tu hushuka. Akielekea sikioni, mtoto hutoka usaha. Akifika mapafuni, vile vifuko vya hewa hujaa maji na usaha, na mtoto huanza kuhema. Mwaka 2019 nimonia iliua watoto zaidi ya 700,000 wa chini ya miaka mitano duniani.

Chanjo imetusaidia sana, nasi ni mashahidi. Mwaka 2001 Kenya ilianza kuchanja dhidi ya bakteria mwingine wa njia ya pumzi, aitwaye Hib. Januari 2011 ikaja ya nimokokasi. Nimokokasi ana aina zaidi ya 100, na chanjo ile ililenga 10 zilizo hatari. Hapa Kilifi, watoto wadogo waliobeba aina hizo puani walipungua kutoka 34 kwa kila 100 hadi 13. Ugonjwa mkali wa aina hizo, ule unaoingia mpaka kwenye damu, ulipungua kwa asilimia 92. Hata watu wazima wasiochanjwa walipata nafuu, maana mjukuu asiyebeba kijidudu hamwambukizi bibi yake. Kwa hiyo wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zisikupite. Kadi ya kliniki itunzeni kama mnavyotunza daftari letu.

Lakini chanjo haizuii kila aina, na hapa nina jambo la kuungama.

Mwaka 1994 mtoto wa dada yangu, wa miezi minane, alishikwa na kikohozi. Mie nilikuwa kazini mjini. Dada alinipelekea habari, nami nikamjibu: kuna dawa ya kaka yake iliyobaki, mpe nusu nusu. Mie muuguzi ndiye niliyesema hivyo! Siku tatu akampa, kikohozi kikatulia kidogo, tukadhani kimekwisha. Usiku wa nne kifua kikaanza kubonyea. Mumewe alikuwa baharini, nauli hakuna. Majirani wakachanga hata kukapambazuka. Walifika hospitali jua limeshatoka, na adhuhuri mtoto alikuwa amekwenda.

Dada yangu hakuwa mzembe. Alikosa ushauri mzuri, na alikosa nauli. Ushauri nitawapa leo.

Mafua ya kawaida huletwa na virusi, na antibiotiki haziui virusi. Ukimpa mtoto ovyo, unawaua wale majirani wema wa puani, na wakorofi wanaobaki wanazoea dawa. Ukimpa nusu ya kipimo kwenye nimonia, unapoteza siku ambazo mtoto hana. Dawa iliyobaki haina kazi nyumbani, irudisheni kituoni.

Mtoto akikohoa, mvue shati akiwa ametulia, umhesabie pumzi kwa dakika nzima. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi miwili hadi mwaka, 50. Mwaka mmoja hadi mitano, 40. Ukiona hivyo, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na ukiona kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya, au amelegea mno, au midomo inageuka rangi, hiyo ni hospitali sasa hivi, usiku usiku.

Na nauli je? Bi Mwenyekiti, niwie radhi. Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa mama watatu wa nyumba tatu. Ni utaratibu mzuri, umetulindia mali miaka kumi. Lakini saa nane za usiku, nani ataamsha nyumba tatu? Na sheria yetu inasema mkopo wa dharura upitishwe na mkutano. Mkutano ni Alhamisi. Kifua cha mtoto hakijui Alhamisi.

Ombi langu ni dogo. Nauli ya kufika hospitali, kwenda tu, itengwe kutoka mfuko wa jamii, ikae nje ya sanduku, kwa mama mmoja katika kila mtaa. Itolewe kwanza, iandikwe kesho. Kama kuna anayeogopa kwamba zitaliwa, basi za mtaa wangu nikizila mie, nikateni kwenye hisa zangu.

Mtoto wa dada yangu leo angekuwa mtu mzima mwenye watoto wake. Naomba tusiifunge sherehe hii kabla jambo hili halijaandikwa kwenye daftari.