Dhamana ya Mkulima na Dhamana ya Mkubwa



Kiwanda cha sukari cha Mumias, kilichoanza kusaga miwa mwaka 1973 kikawa tegemeo la maelfu ya nyumba, kilipolemewa na madeni hata kikakabidhiwa msimamizi wa wadai mwaka 2019, walioumia ni pamoja na wakulima waliokuwa wametimiza ahadi zao. Na kuhusu dhamana ya wakubwa, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 73, ilikuwa imekwisha kutamka kwamba mamlaka ya afisa wa dola ni dhamana ya umma, naye amepewa jukumu la kuwahudumia watu, wala si nguvu za kuwatawala.

Lakini uadilifu hauanzii ofisini: mkulima achukuaye mbolea kwa mkopo wa kiwanda kimoja kisha akauza miwa kwingine kwa siri, na karani apunjaye mizani, wote wanaikhini amana.

Basi, ndugu zangu, kila mmoja na aihasibu nafsi yake kwanza, kisha amhasibu kiongozi wake pasi na hofu.