Motokaa Zilizolala Chini ya Magazeti

Somo: Mathayo 6:19-21

 

Tarehe 6 Februari 2015 watu wengi walikusanyika katika jiji la Paris, nchini Ufaransa, kuhudhuria mnada. Zilizouzwa ni motokaa 59 za zamani, mali ya familia moja. Kulikuwa na Bugatti, Delahaye, Talbot-Lago, Maserati na Ferrari. Motokaa za fahari na za mbio, ambazo katika siku zao watu walisimama kando ya barabara kuzitazama zikipita. Lakini siku ile nyingi zao hazikuweza kwenda hata hatua moja. Zilikuwa zimeliwa na kutu, viti vimeraruka, na vumbi limezifunika.

Motokaa hizo zilikusanywa na Roger Baillon, aliyekuwa na biashara ya malori huko magharibi mwa Ufaransa. Tangu miaka ya 1950 alinunua motokaa nzuri ambazo wengine walikuwa wamezihesabu kuwa vyuma chakavu. Nia yake ilikuwa njema. Alitaka kujenga nyumba ya makumbusho ili watu wapate kuziona. Lakini katika miaka ya 1970 biashara yake ilipatwa na shida, ikambidi auze baadhi yake. Zilizosalia zilibaki palepale zilipoegeshwa, nyingi chini ya vibanda vya mabati visivyozuia upepo wala unyevu. Majani yakatambaa juu yake. Miaka mingi ikapita. Mzee akafariki, na mwanawe pia akafariki, ndipo warithi wakawaita watu wa mnada waje watazame.

Watu hao walipoingia katika gereji waliona marundo ya magazeti ya zamani. Chini ya marundo hayo palikuwa na Ferrari ya mwaka 1961, ya aina ambayo zilitengenezwa chache sana, nayo iliwahi kuwa mali ya mwigizaji Alain Delon. Ferrari hiyo peke yake iliuzwa kwa zaidi ya yuro milioni 16, na mnada wote ukaleta zaidi ya yuro milioni 25.

Labda msikilizaji mmoja atasema, "Kumbe kutu haikuharibu kitu! Fedha zimepatikana." Ni kweli, fedha zilipatikana. Lakini aliyezikusanya motokaa hizo hakuwapo kuzipokea. Na ile nyumba ya makumbusho haikujengwa. Neno lililokuwa moyoni mwake halikutendeka, nazo motokaa zikatawanyika kwa wanunuzi. Katika Luka 12 Bwana Yesu alisimulia habari za tajiri aliyepanga kujenga ghala kubwa zaidi, naye akaulizwa swali hilohilo: vitu ulivyoweka tayari vitakuwa vya nani?

Lakini tusiwanyoshee kidole watu wa mbali. Sisi tunaosema nanyi leo tuna kisa chetu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita kanisa letu lilifanya harambee ya kujenga nasari. Akina mama walileta mayai na ndizi, vijana wakauza kuni, na bibi mmoja akaleta kuku wake. Tukanunua mabati arobaini. Kisha sisi wazee wa kanisa tukaanza kubishana. Wengine walitaka nasari ijengwe upande wa juu karibu na barabara, wengine upande wa chini karibu na kisima. Mkutano ukaahirishwa, ukaahirishwa tena. Mabati tulikuwa tumeyalaza sakafuni katika stoo ya kanisa, moja juu ya jingine, tukatia kufuli. Kila tulipoulizwa tulijibu, "Msiwe na wasiwasi, mali yenu iko salama."

Misimu mitatu ya mvua ikapita. Siku tulipofungua stoo tulikuta unyevu umepenya katikati ya mabati, na yale ya chini yalikuwa na matundu kama chujio. Fundi tuliyemwita alitikisa kichwa akatuambia, "Wazee, bati lililo juu ya paa hupigwa na mvua, lakini upepo hulikausha. Bati lililofungiwa huliwa upesi kuliko bati linalofanya kazi."

Yule bibi aliyetoa kuku alikuja akasimama mlangoni. Hakutulaumu. Aliuliza tu, "Mjukuu wangu ameshaingia darasa la kwanza. Sasa haya yalikuwa ya nani?" Hakuna aliyeweza kumjibu.

Bwana Yesu alitaja nondo, kutu na wezi. Mwizi twamjua, ndiyo maana twanunua kufuli. Lakini kutu haizuiwi na kufuli. Yaingia polepole, bila kelele, katika kitu kilichowekwa kwa nia njema kingoje kesho. Ni nini kilicholala katika stoo yako, ndugu? Ni msamaha uliokusudia kumpa jirani baada ya mavuno? Ni karo uliyoahidi kumlipia yatima? Ni kipawa cha kufundisha watoto wa shule ya Jumapili, ambacho umekifunika kwa marundo ya shughuli, siku juu ya siku, kama yale magazeti? Twaita hayo kuweka akiba, na huenda ni kutoa nafasi kwa kutu.

Labda wewe wasema, "Nimechelewa. Kutu imeshakula." Tazama tena mnada ule wa Paris. Wanunuzi walizitoa fedha zao kwa motokaa zisizoweza kuwaka, kwa sababu walimjua aliyeziunda. Je, si zaidi Mungu aliyekuumba? Yeye hangoji utakaswe kwanza ndipo akutake. Alikulipia thamani kubwa kwa damu ya Mwanawe ukiwa ungali katika vumbi lako. Lakini hakukununua ili akurudishe chini ya magazeti.

Sisi tulitubu mbele ya washirika wote. Katika yale mabati arobaini, kumi na saba yalikuwa mazima. Mwezi uleule tuliyaezeka upande wa chini, karibu na kisima, na chumba kikawa kidogo kuliko tulivyoahidi. Watoto wanasoma humo. Mvua inaponyesha tunausikia mlio wa mabati yale, nasi twakumbuka ishirini na matatu yasiyokuwapo.

Na tuombe. Ee Bwana, tuonyeshe leo kile tulichokificha ambacho ni cha wenzetu. Utupe moyo wa kukitoa kungali mchana, kabla mikono yetu haijachoka. Utusamehe siku tulizopoteza. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.

Kwaherini, wapendwa, na amani ya Bwana ikae nanyi.