Soma Kwanza, Tia Sahihi Baadaye

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima
Somo: Kutafuta kazi na mawakala wa ajira

Kiongozi wa kikundi, hakikisha kila mtu ana daftari na kalamu, na kwamba walioketi nyuma wanasikia. Kisha andika ubaoni maneno haya matano: WAKALA, USAJILI, STAKABADHI, MKATABA, SAHIHI. Tutayatumia yote.

Somo letu la leo ni juu ya kutafuta kazi, na hasa juu ya mawakala wa ajira. Huenda wewe una shamba lako au biashara yako, nawe hutafuti kazi kwa mtu. Hata hivyo sikiliza. Una mtoto, au mdogo wako, au mpwa wako anayetafuta. Siku atakapotakiwa ada na nauli, atakuja kwako. Mbuzi atakayeuzwa ni wako.

Taabu ya mtafuta kazi

Kila aliyetafuta kazi anaijua taabu yake. Anaamka alfajiri. Anapiga pasi shati lake moja zuri. Analipa kunakili vyeti, analipa kupiga picha ndogo, analipa nauli. Akifika langoni, mlinzi anamwambia, "Hakuna kazi." Mahali pengine anaambiwa, "Acha barua yako, tutakupigia simu." Simu haipigwi. Mwezi unapita, miezi sita inapita, na nauli imekwisha. Nyumbani anaona haya hata kunawa mikono aketi kula pamoja na wenzake.

Nataka mlishike jambo hili, maana ndilo kiini cha somo: mtu aliyechoka hivyo hasomi. Akiwekewa karatasi mbele yake na kuambiwa, "Kazi ipo, tia sahihi hapa, lipa pale," mkono wake hutangulia macho. Ndiyo maana hata mwenye cheti cha chuo hudanganywa. Kusoma anajua, ila siku ile hakusoma. Wadanganyifu wanaijua hali hiyo, nao huitafuta. Hupenda kusema, "Nafasi zimebaki mbili, mwisho ni leo saa kumi." Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka.

Mambo ya zamani

Kuandikiwa kazi na mtu wa kati si jambo geni kwetu. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge katika Tanganyika waliunda ofisi yao ya kuandika vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Watu waliandikwa Kigoma, Songea na kwingineko, hata Burundi na Rwanda, wakapelekwa kwa malori na kwa gari moshi mpaka mashamba ya Tanga na Morogoro. Kila mtu alijulikana kwa namba yake, na ndipo likaja jina la manamba.

Kibarua alipewa kadi iliyoitwa kipande, yenye nafasi za siku 30 za kazi. Siku ambayo hakumaliza kazi aliyopimiwa haikuhesabiwa. Wengi walitia alama ya dole gumba kwenye karatasi wasiyoweza kuisoma, kisha habari zake wakazijua wakiwa shambani, mbali na kwao. Nyinyi mmekuja darasani ili jambo hilo lisiwapate.

Wakala ni nani, naye hulipwa na nani?

Tazameni neno la kwanza ubaoni: wa-ka-la. Wakala ni mtu anayefanya jambo kwa niaba ya mwingine. Wakala wa ajira hutafuta watu kwa niaba ya mwajiri. Mwenye kiwanda, hoteli au nyumba anataka wafanyakazi, hana nafasi ya kuwatafuta, basi anamwambia wakala, "Nitafutie." Aliyetuma ndiye anayepaswa kulipa.

Hii si rai yangu tu. Shirika la Kazi Duniani, lililoanzishwa mwaka 1919, lilipitisha Mapatano Namba 181 mwaka 1997. Humo imeandikwa kwamba wakala asimtoze mtafuta kazi ada wala gharama, wazi wala kwa kuzunguka. Nchi zimeruhusiwa kuweka tofauti chache kwa sababu maalumu, lakini huo ndio msingi. Nazo kazi za serikali ya Tanzania zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huombwa bila malipo. Akija mtu akasema ana ndugu ndani ya ofisi, na kwamba kwa shilingi kadhaa jina lako litapita, ujue anauza kisichokuwa chake.

Sasa chukueni kalamu, tufanye hesabu. Tuseme wakala anatoza ada ya fomu shilingi 20,000 kwa kila mtu. Watu 100 wanalipa. Zidisha 20,000 kwa 100. Jibu ni shilingi 2,000,000. Je, ili apate fedha hizo, imembidi atafute kazi ngapi? Hakuna hata moja. Wakala anayelipwa na mwajiri hana budi kuleta mfanyakazi ili apate chake. Anayelipwa na mtafuta kazi hupata chake hata kama kazi haipo. Ada hiyo hubadilisha majina: leo ni ya fomu, kesho ya usajili, kesho kutwa ya kupimwa afya, ya mafunzo, ya sare, ya kushika nafasi. Jina lolote iliyopewa, iulize.

Maswali matatu

Sikilizeni mfano huu. Wanafunzi wawili waweza kuusoma kwa sauti baada ya kipindi.

WAKALA: Karibu, dada. Una bahati. Kazi ya hoteli ipo, mshahara mzuri. Lete elfu ishirini nikuandike.

MWOMBAJI: Ahsante, kaka. Kabla ya hayo, naomba kuiona hati yako ya usajili.

WAKALA: Hati ipo, dada, usiwe na wasiwasi. Wenzako wote wamelipa.

MWOMBAJI: Sina wasiwasi, kaka. Nataka kunakili namba yake na tarehe yake ya mwisho. Tena nieleze, hoteli yenyewe inaitwaje, na iko wapi?

WAKALA: Hiyo ni siri ya ofisi. Utajua ukishalipa.

MWOMBAJI: Na hizo elfu ishirini ni za nini? Stakabadhi itatiwa sahihi na nani?

WAKALA: Mbona una maswali mengi? Kazi unaitaka au huitaki?

MWOMBAJI: Naitaka, kaka. Ndiyo maana nauliza. Kwaheri.

Mmesikia maswali yake matatu. La kwanza: umesajiliwa? La pili: mwajiri ni nani na yuko wapi? La tatu: fedha ni za nini, na nani atatia sahihi stakabadhi? Dada huyu hakugombana wala hakumtukana mtu. Ameuliza kwa adabu, akaondoka na elfu ishirini zake. Wakala wa kweli hachukii maswali haya, kwa kuwa majibu anayo.

Tanzania ina Sheria ya mwaka 1999 juu ya huduma za ajira, na mawakala binafsi sharti wasajiliwe. Ukishanakili namba ya hati, usimwulize wakala mwenyewe kama ni ya kweli. Nenda ofisi ya Afisa Kazi wa mkoa wako ukaulize huko. Tena kumbuka kwamba malipo ya serikali hufanywa kwa namba maalumu ya malipo, ile watu waiitayo kontroo namba. Hayatumwi kwenye simu ya mtu. Ukiambiwa utume ada ya serikali kwenye namba ya simu, usitume.

Mkataba

Neno la nne ubaoni: m-ka-ta-ba. Mkataba ni mapatano ya watu wawili, wewe na mwajiri. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi kwa maandishi. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2005. Chini ya sheria ya Bara, tafuta mambo haya katika karatasi, ukiweka alama kwa kalamu kila unapoliona moja:

1. Jina lako na anwani yako.
2. Mahali ulipoandikiwa kazi.
3. Kazi utakayofanya.
4. Siku ya kuanza.
5. Aina ya mkataba na muda wake.
6. Mahali pa kazi.
7. Saa za kazi.
8. Mshahara, namna unavyohesabiwa, na mengine utakayopewa.

Penye nafasi tupu usitie sahihi, maana nafasi tupu yaweza kujazwa ukiwa umekwenda. Kuhusu saa, sheria hiyo imeweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa juma na 9 kwa siku.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa nyinyi mnaoanza kusoma. Sheria hiyo inasema hivi: ikiwa mfanyakazi haelewi maandishi hayo, mwajiri sharti ahakikishe ameelezwa kwa namna anayoielewa. Mikataba mingi huandikwa kwa Kiingereza. Basi una haki ya kusema, "Sijaelewa, naomba nielezwe kwa Kiswahili." Si aibu kusema hivyo. Sema tena, "Naomba kwenda nayo nyumbani nikaisome." Karatasi njema haiharibiki kwa kulala usiku mmoja nyumbani kwako.

Kazi za ng'ambo

Wako pia wanaoahidiwa kazi za nyumbani Omani na nchi nyingine za Ghuba. Wamo waliokwenda wakarudi salama na akiba yao. Wamo pia walioteswa. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya wanawake wa Kitanzania waliofanya kazi za nyumbani Omani na Falme za Kiarabu. Ilieleza habari za pasipoti zilizochukuliwa, saa nyingi mno za kazi, na mishahara isiyolipwa. Jirani zetu Kenya nao, mwaka 2014, walifuta leseni za mawakala zaidi ya 900 waliokuwa wakipeleka watu nje.

Kwa safari ya namna hiyo, mkataba sharti uusome ukiwa bado hapa nyumbani. Sheria ya Bara niliyoitaja inataka mkataba wa mtu anayekwenda kufanya kazi nje ya nchi uwe wa maandishi. Nayo Mapatano Namba 189 ya Shirika la Kazi Duniani, ya mwaka 2011, yanasema mfanyakazi wa nyumbani ana haki ya kukaa na pasipoti yake mwenyewe. Acha nakala ya mkataba na ya pasipoti kwa mama yako au ndugu unayemwamini, pamoja na jina la mwajiri, mji wake na namba yake ya simu. Ukipatwa na jambo, wenye kukutafuta wawe na pa kuanzia.

Daftari la kutafuta kazi

Mwisho, fungueni ukurasa mpya katika daftari. Pigeni mistari mpate safu tano. Andikeni juu yake: TAREHE, OFISI, NILIYESEMA NAYE, ALIYOSEMA, FEDHA NILIZOTUMIA. Kila siku mtafuta kazi arudipo nyumbani, ajaze mstari mmoja.

Daftari hili lina faida tatu. Kwanza, humwonyesha ni nani amemwambia "rudi kesho" mara nne, ili asiende mara ya tano. Pili, humwonyesha fedha zilizokwisha kutoka. Mtu akiona kwa macho yake kwamba ameshatoa shilingi 85,000 kwa wakala mmoja bila kupata hata jina la mwajiri, hatakubali kwa wepesi kuongeza elfu kumi nyingine. Tatu, akidhulumiwa, ana la kumwonyesha Afisa Kazi au polisi: tarehe, jina na kiasi. Mnaijua methali, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kazi ni chache na wanaotafuta ni wengi. Sitawaambia kwamba mwenye kusoma mkataba atapata kazi upesi kuliko mwenzake. Huenda akachelewa. Lakini mbuzi wake atakuwa zizini, na dole lake halitakuwa kwenye karatasi ya mtu asiyemjua.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Wakala wa ajira hufanya kazi kwa niaba ya nani?
2. Taja maswali matatu ya kumwuliza wakala.
3. Wakala anatoza shilingi 15,000 kwa kila mtu, na watu 60 wamelipa. Amepata shilingi ngapi?
4. Ufanye nini ukipewa mkataba usioelewa lugha yake?
5. Je, katika kijiji au mtaa wenu yuko aliyelipa ada na kazi hakuipata? Kikundi kingemshauri afanye nini sasa?

Kazi ya nyumbani: chora daftari la safu tano, umpelekee kijana mmoja anayetafuta kazi, na umfundishe kulijaza.