"Bu" na "Mei"
(Mazungumzo kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Masukulu)



Mmeniomba niseme na vijana wanaojifunza Kichina. Mimi nilikiokota kambini mwaka 1973, nikiwa karani kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA upande wa Mbeya.

Kichina kina maneno mawili makubwa ya kukana. "Bu" hukana mazoea, nia na jambo lijalo: "wo bu chi", yaani sili, au sitaki kula. "Mei" hukana lililopita au lisilotimia bado: "wo mei chi", sikula, ama sijala. Nalo neno "you", kuwa na kitu, halikubali "bu" hata kidogo. Husemwa "mei you", sina, hakuna.

Asubuhi moja mtaalamu wa Kichina aliniuliza habari za mwenzetu mmoja, kijana wa huku huku Rungwe, aliyecheleweshwa na mvua. Nilitaka kusema hajafika, "ta mei lai". Nikasema "ta bu lai": haji. Mzee wa watu akadhani kijana ameacha kazi, akamweka mtu mwingine. Mwenzetu alifika saa tatu, amelowa chepechepe, akakuta sururu yake mikononi mwa mgeni.

Nilieleza kwa maneno na kwa mikono. Siku ya tatu ndipo aliporudishwa. Ujira wa siku zile nilimlipa mfukoni mwangu. Hata leo tukikutana sokoni Tukuyu, kabla ya salamu huniuliza: "Karani, leo nimekuwa bu au mei?"