Amekuja Kufuata Barua Yake



Mtu asiyeona akiingia ofisini, swali la kwanza huwa: "Ulipofukaje?" Naye, kwa adabu, husimulia upya ugonjwa wa utotoni, ilhali amekuja kufuata barua yake ya kazi. Masimulizi hayo tunayapenda, nadhani, kwa kuwa hutuhuzunisha bila kutudai kitu. Mengine hatuyaulizi: ya ngazi zisizopandika, ya faili lisiloonekana, ya usaili ulioishia mlangoni. Hayo yanatudai. Sheria ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aajiri watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Watoto wasioona wanaosoma leo pamoja na wenzao Ikungi Mchanganyiko, hapa hapa Singida, ndio watakaopiga hodi kwenu kesho, vyeti mkononi.